Kabla hujatoa masega kwenye dizeli yako

Mji wa Tabora ni mdogo, na hapo ndipo shida ya dizeli za kisasa inapoanzia. Kutoka Ipuli hadi sokoni, kutoka sokoni hadi Kitete, kisha nyumbani: injini haijapata moto vizuri, imeshazimwa. Gari lililotengenezwa likimbie barabara ndefu linafanya kazi ya bajaji. Siku moja taa ya njano inawaka, gari linajifunga, halivuti hata ukikanyaga mpaka chini, na mwenyewe anakuja gerejini kwangu Cheyo akiwa ameshaamua: "Fundi, nitolee masega."

Masega ni chujio la masizi lililo kwenye ekzosi. Huwa sitoi. Namwambia apaki chini ya mwembe, tuanze upya. Kwa magari mengi ninayopokea, masega yanaumia tu. Kinachoyaumiza kiko kwingine: nozeli inayomwaga, mpira uliopasuka, themostati (valvu ya joto la maji ya injini) iliyotolewa, oili isiyofaa. Ukiyatoa masega ukaacha hivyo vingine, unabaki na gari linalotoa moshi mweusi, linakula mafuta vilevile, na turbo yake inaendelea kufa kimyakimya.

Maelezo haya ni kwa mwenye dizeli yenye umri wa miaka kumi na zaidi, iliyokuja na EGR (valvu ya kurudisha moshi) na DPF (hiyo ndiyo masega ninayoyasema). Mwenye Land Cruiser ya 1HZ anaweza kuishia hapa akanywe chai yake. Injini ile haina DPF wala komonreli (bomba moja linalolisha nozeli zote dizeli ya mgandamizo mkubwa).

Kwanza tuelewane kinachofanyika chini ya boneti. EGR inarudisha sehemu ya moshi kwenye hewa inayoingia ili kupunguza joto la mlipuko. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, na joto likizidi, naitrojeni hiyo inaungana na oksijeni kuwa gesi chafu. Ubaya ni kwamba ukipunguza joto, masizi yanaongezeka. Masizi hayo yanakwenda kunaswa na DPF kule kwenye ekzosi. Yakijaa, kompyuta inamwaga dizeli ya ziada baada ya mlipuko, joto la ekzosi linapanda hadi kama nyuzi 600, masizi yanaungua, linabaki jivu kidogo tu. Sisi gerejini tunasema gari limejichoma.

Ili lijichome linahitaji injini yenye moto, mwendo usiokatika, hewa ya kutosha, nozeli nzima na sensa (vipimo vya kompyuta) zinazosema kweli. Kimoja kikikosekana linajaribu, linashindwa, linajaribu tena. Na kila likishindwa, dizeli ile ya ziada inateremka kwenye oili. Ndiyo maana sianzi na masega wala na mashine ya kupimia.

Vuta kijiti cha oili

Paki pasipo na mwinuko, zima, subiri dakika kumi. Vuta kijiti, kifute, kirudishe, vuta tena. Oili ikiwa chini kila mtu anajua la kufanya. Mimi natafuta iliyopanda. Kama iko juu ya alama ya mwisho na hakuna mtu aliyeongeza, basi kuna kitu kimeingia, na kwenye dizeli yenye DPF kitu hicho mara nyingi ni dizeli yenyewe. Baadhi ya magari yamewekewa alama ya X juu ya alama ya kujaa kwa sababu hii hasa: ikifika X, usitembee tena, mwaga.

Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya chooni, uiache kivulini nusu saa. Oili nzima inakaa doa moja jeusi lenye ukingo wa kahawia. Iliyoingiwa dizeli inatambaa: katikati panabaki peusi, nje kunazuka duara pana lenye rangi hafifu, jepesi, linaendelea kukua. Kisha nusa kijiti. Harufu ya dizeli haijifichi.

Oili iliyolegea inakula beringi za turbo. Ikizidi sana kimo, injini inaweza kuanza kuivuta kupitia bomba lake la kupumulia na kuichoma kama mafuta. Hapo mizunguko inapanda yenyewe na ukizima ufunguo haizimiki. Ikikutokea na gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa, achia klachi ife. Kwa otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu bapa, usitumie kiganja wala kitambaa, vitavutwa. Ukiona hatari, kaa mbali na injini.

Oili ya kupima kutoka kwenye pipa usiiweke kwenye gari la DPF. Haijalishi muuzaji ni rafiki yako. Tafuta kopo lililoandikwa DL-1 kwa magari ya Japani, au C2 na C3 kwa ya Ulaya, kufuatana na kitabu cha gari. Hizo zina majivu machache. Zile za CF-4 zinazopendwa na wenye malori zinaacha jivu, na jivu halichomeki kwa joto lolote ambalo gari lako litafika. Masizi yanaungua, jivu linakaa. Pia fupisha muda wa kubadilisha. Kama kitabu cha Kijapani kinasema kilomita 10,000, hapa kwetu fanya 5,000. Dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi ppm 10 (sehemu kumi kwa milioni), yetu Afrika Mashariki kiwango chake tangu 2015 ni ppm 50, na vumbi letu unalijua.

Nikiwa hapohapo kwenye mafuta: dizeli ya dumu la barabarani iache. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya wachakachuaji, na dumu halina wa kumuuliza. Chini ya filta ya dizeli kuna kifundo cha kutolea maji. Kifungue kila unapomwaga oili.

Pima, lakini pima ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa

Kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani na kuunganisha na simu kinatosha kuanzia, mradi programu yake inasoma vitu vya DPF vya gari lako. Andika kodi (namba za hitilafu) kabla hujafuta. P0401 ni EGR haipitishi vya kutosha, P0402 inapitisha kupita kiasi, P2463 masizi yamejaa, P2453 sensa ya mgandamizo ya DPF inatoa namba zisizoeleweka, P0128 injini haifiki joto lake. P2002 inasema masega hayachuji inavyotakiwa, na kodi hii imewaponza wengi.

Mfanyabiashara mmoja wa vitenge alinijia na kodi hiyo hiyo. Alikotoka walishamwambia chujio limekufa.

"Fundi, wameniambia ninunue jipya au litolewe. Na jipya hadi liagizwe nje."

"Mama, nipe asubuhi moja."

"Asubuhi nzima, na mzigo wangu uko stesheni!"

Nikawasha ufunguo bila kuwasha injini. Hapo mgandamizo wa DPF lazima usome 0, kwa kuwa hakuna moshi unaopita. Ulisoma 0. Vizuri, maana ungesoma namba yoyote kubwa ningejua sensa inadanganya. Nikawasha injini, nikampa kijana wangu akanyage hadi mizunguko 3,000. Chujio lenye masizi lazima lionyeshe namba inayopanda. Ya kwake ilitikisika kidogo ikarudi 0. Kompyuta ikiona hivyo inaamini ndani ya DPF ni patupu, ndiyo P2002 hiyo. Haioni sababu ya kuchoma, na masizi yanaendelea kujaa huku namba ikisema hakuna kitu.

Kutoka kwenye DPF kunapanda mabomba mawili madogo ya chuma, moja kabla ya chujio na moja baada, yanaungana na mipira miwili inayokwenda kwenye sensa. Ukiutazama mpira wa kwanza kwa juu ulikuwa mzima. Nikaegesha klipu pembeni nikaukunja kwa vidole: chini yake, pale klipu ilipokuwa inabana, ukafunguka mpasuko wa urefu wa ukucha, kingo zake zina masizi makavu. Moshi ulikuwa unatokea hapo. Mpira wa namna hii ukiupata tafuta unaostahimili joto, wa silikoni. Wa petroli wa kawaida utayeyuka, na usibadilishane nafasi ya mipira hiyo miwili. Kabla ya kufunga, pitisha waya mwembamba kwenye yale mabomba ya chuma, yanapenda kuziba.

Mama yule gari lake lilikuwa na jambo la pili, na hili ndilo ninalogombana nalo kila wiki.

Rudisha themostati

Mafundi wengi mikoani wana mazoea: gari likichemsha mara moja, themostati inatolewa na kutupwa, "ili maji yazunguke vizuri." Kwenye pikapu ya zamani ulikuwa unapona. Kwenye dizeli yenye DPF umeua mfumo mzima, kwa sababu injini haifiki joto ambalo kompyuta inalitaka ndipo iruhusu kujichoma. Fungua programu ya simu, tazama joto la maji. Ndani ya dakika kumi na tano za kutembea linatakiwa liwe limefika nyuzi 80 na kubaki hapo au juu yake. Likipanda hadi 80 mjini kisha barabara kuu likashuka hadi 65, themostati imekwama wazi au haipo. Usiongozwe na mshale wa dashibodi, mingi imewekwa ikae katikati hata joto likibadilika sana.

Themostati ni spea ya bei ndogo kuliko zote nitakazozitaja hapa. Kama gari lilikuwa linachemsha kweli, tafuta sababu kwenye rejeta, feni na kofia ya rejeta.

Hewa na nozeli

Eya klina kwenye vumbi la njia za vijijini Sikonge au Uyui haingoji kilomita za kitabu. Ipulize kutoka ndani kwenda nje, upepo mdogo, na ukishaipuliza mara kadhaa inunue mpya. Mpira wa pembeni ukiwa umelegea vumbi linapita bila kuchujwa. Sensa ya hewa inayofuata baada ya eya klina isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza tu. Kitambaa au kidole kitakata waya zake.

Mabomba ya turbo kwenda intakula (kipoozaji cha hewa) na kutoka huko kwenda kwenye injini yatazame sehemu za klipu. Penye oili mbichi iliyoshika vumbi, hewa inavuja. Pakaa maji ya sabuni injini ikiwa inaunguruma na mtu akikanyaga taratibu. Hewa ikivuja nje ya hesabu, dizeli inazidi hewa, moshi mweusi.

Nozeli zina kipimo cha gerejini kisichohitaji mashine. Kila nozeli ina mrija mwembamba wa kurudisha dizeli. Vua yote, unganisha kila mmoja na chupa ndogo ya maji iliyo wazi kuona ndani, zote za aina moja, zifunge kwa waya zisidondoke, na uzibe njia ya kurudi kwenye tangi ili dizeli isimwagike. Washa, acha iungurume dakika chache, zima. Chupa zikiwa zimejaa sawasawa, au karibu sawa, nozeli zako ziko pamoja. Moja ikiwa imejaa mara mbili ya wenzake, umempata. Usilegeze kamwe bomba la chuma la mgandamizo mkubwa injini ikiwaka. Dizeli ya komonreli inatoboa ngozi na kuingia mwilini, na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana dogo kama kuchomwa sindano.

Sikiliza pia mlio wa "chifu, chifu" kwenye shina la nozeli na utazame kama kuna weusi mgumu umezunguka hapo. Ukivikuta, washa ya kopa, ile ringi ya kuzibia chini ya nozeli, imechoka.

EGR: ifungue uone

Hapa ndipo watu wanapoogopa. Moshi wenye masizi unakutana na mvuke wa oili kutoka bomba la kupumulia, vinashikana na kuwa utando mweusi mzito kama lami. Nimefungua manifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) ambazo tundu lake lilibaki la kupitisha kidole gumba tu. Gari hilo haliwezi kuvuta, na kila kitu nilichosema kuhusu masizi kinakuwa kibaya zaidi.

Toa EGR, sehemu ya chuma uiloweke kwa dawa ya kabureta na kuikwangua kwa kijiti cha mbao. Sehemu ya umeme usiiloweshe. Kipepeo cha hewa kisafishe bila kukilazimisha kwa mkono, kina gia za plastiki ndani. Manifodi ikiwa imejaa sana itoe kabisa, usikwangue ikiwa imefungwa, makombo yataangukia kwenye valvu. Gasketi mpya. Kama gari linapunguza maji bila kuvuja mahali na asubuhi linatoa moshi mweupe wenye harufu tamu, kagua kipoozaji cha EGR, huenda kimepasuka kwa ndani.

Kuna wanaoziba EGR kwa kipande cha bati. Kwenye gari la zamani la waya chache inafanya kazi, lakini lenye DPF linahesabu hewa yote na litawasha taa, na likiwasha taa ya EGR mengi yanakataa kujichoma. Unaanza mduara mwingine.

Sasa lichome

Ukishamaliza hayo yote, na oili mpya ikiwa ndani, jaza mafuta zaidi ya robo tangi kwa sababu magari mengi hayaanzi kujichoma tangi likiwa karibu kuisha. Shika barabara ya Nzega. Ukipita mji kuelekea Isikizya lami imenyooka, na unachohitaji ni mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika ishirini au thelathini bila kukatisha. Mwendo wenyewe siyo muhimu sana. Penye kibao cha 50 shuka hadi gia ya tatu, mizunguko inabaki palepale na hutapigwa tochi.

Utajua linajichoma: ukisimama sailensi (mizunguko bila kukanyaga) iko juu kidogo kuliko kawaida, feni inalia, kuna harufu ya chuma cha moto, na joto la ekzosi kwenye simu limepanda. Ukifika nyumbani linaendelea, zunguka tena, usizime. Na kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, usipaki pembeni penye nyasi kavu. Ekzosi iliyotoka kujichoma inawasha moto nyasi chini ya gari.

Kuchoma kwa kulazimisha kwa mashine gari likiwa limesimama kunafaa, lakini nje, mbali na vitu vya kuungua, siyo ndani ya banda. Na kama masizi yamepita kiwango ambacho mashine inakubali, usiidanganye. Toa chujio ukalioshe.

Kuosha kunahitaji upole. Ndani ni kauri, usiligonge kwa nyundo. Lipime kwenye mizani kabla. Vaa barakoa na glovu. Mimina dawa ya DPF, subiri kama kopo linavyosema, kisha pitisha maji ya presha ndogo kutoka upande wa kutokea kwenda upande wa kuingilia. Zile mashine za kuoshea magari zinavunja vijumba vyake. Petroli usiisogeze hapo. Maji yale meusi yasiende kisimani wala mtaroni. Likauke kabisa, lipime tena, na baada ya kulifunga ingia kwenye kompyuta urudishe hesabu ya masizi kuwa 0. Kama uzito haujapungua na mgandamizo bado uko juu, ndani ni jivu la miaka yote hiyo, na hapo ndipo nakubali kusema chujio limekwisha.

Kuhusu kutoa: mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisi gerejini ndio tunaouvuta kwanza, na nyuma yetu wanafunzi wanaotembea pembeni mwa barabara. Ukitoa masega bila kubadilisha programu, kompyuta itaendelea kumwaga dizeli ya kuchoma kitu ambacho hakipo.

Wenye magari yanayotumia AdBlue, maji ya kusafishia moshi, neno moja. Ile ni urea safi asilimia 32.5 kwenye maji yaliyotolewa madini. Mbolea ya urea tunayoweka kwenye mahindi siyo hiyo hata ukiikoroga vipi na kuichuja kwa kitambaa, ina vitu vinavyoharibu katalisti. Nunua dumu lililofungwa, angalia tarehe, liweke kivulini, joto la Oktoba linaliharibu mapema.

Na kama hujanunua bado, unazunguka kutazama gari la dizeli lililotumika: injini ikiwa baridi, ingiza kidole chenye kitambaa cheupe ndani ya bomba la ekzosi uzungushe. Gari lenye masega mazima linaacha kitambaa karibu cheupe, hata likiwa na miaka kumi na tano. Kikitoka cheusi na muuzaji anaapa kuwa DPF ipo, basi imepasuka au ganda tu ndilo limebaki. Hesabu bei ya chujio jipya uitoe kwenye bei yake, akikataa ondoka.